Loki, lifti, reli au kubeba nchi kavu: uchague nini ukitaka kuunganisha njia za maji kwa boti za matembezi

Kikao chochote kinachozungumzia mito, maziwa na mifereji kwa ajili ya watu wanaopenda kutembea na boti, neno litakalorudiwa ni tuunganishe. Ziwa hili liungane na mto ule, mto ule uungane na mfereji wa zamani, watu watoke huku wafike kule bila kushuka. Wazo zuri, mimi mwenyewe nalipenda sana, ila huwa linaruka maswali yanayoamua kama mradi utaishi au utabaki mtaro wa kuota magugu. Kwa hiyo hapa naweka njia zilizopo bega kwa bega, na mifano ya sehemu ambako zimejengwa kweli, ili kama upo kwenye kamati au chama cha wenye boti uwe na pa kuanzia.

Msimamo wangu nautaja mapema: pesa ya kwanza mara nyingi haifai kwenda kwenye muunganiko mpya, inafaa kwenda kwenye sehemu mbovu kuliko zote kwenye njia mliyonayo tayari. Na mkishafika kwenye kuunganisha, msiangalie tu tofauti ya kimo kati ya maji ya huku na ya kule. Angalieni maji ya kulisha sehemu ya juu yatatoka wapi, na ni viumbe gani watapita pamoja na boti.

Kuboresha kilichopo au kuunganisha kipya?

Boti ya matembezi inabanwa na vitu vitatu, kina cha maji, upana wa sehemu nyembamba, na kimo cha daraja la chini kuliko yote. Njia ya kilomita 200 yenye kina cha mita moja na nusu kila mahali, isipokuwa sehemu moja tu yenye sentimita 60, kwa boti kubwa ni njia ya sentimita 60. Basi. Hakuna ujanja. Boti nyingi za kukodi zenye kabini tumbo lake linaingia majini sentimita 60 hadi 90 hivi, sasa ongeza nafasi chini ili propela isikoroge tope na isinase nyasi, utaona kwamba chini ya mita 1.2 unaanza kuwafukuza wateja, labda uwe unawalenga watu wa mitumbwi na kayaki tu, ambao nao ni wengi na hawahitaji hata nusu ya hayo.

Ndiyo maana kabla ya kuchora mfereji mpya nashauri mpite njia yote na fimbo ya kupimia kina, mwandike kila sehemu yenye kina kidogo, kila daraja na kimo chake kutoka usawa wa maji, kila gati lililooza. Orodha hiyo ndiyo mradi wenu wa kwanza, na mara nyingi gharama yake haikaribii hata kidogo ya kuchimba kitu kipya.

Kuna hali moja ambayo mimi naruhusu muunganiko upite mbele ya foleni, nayo ni pale kipande kifupi kinapofunga duara. Watu wa boti hawapendi kurudi njia ileile, mtu akikodi boti kwa wiki anataka aanzie hapa, azunguke, arudi hapa bila kuona mti uleule mara mbili. Kule Uingereza kuna mzunguko unaoitwa Cheshire Ring, kilomita kama 156 na loki 92 (vyumba vya kupandishia na kushushia boti, nitavieleza chini), unaingia vizuri kabisa kwenye likizo ya wiki moja mtu akijituma. Ulikuwa umekatika kwa sababu mfereji wa Ashton na sehemu ya chini ya Peak Forest vilikuwa vimekufa, watu wa kujitolea wakaingia na majembe wakatoa tope na takataka za miaka, mwaka 1974 vikafunguliwa na mzunguko mzima ukawa hai. Kilichofufuliwa ni kipande kifupi, lakini mifereji yote mingine ya duara lile ilipanda thamani siku hiyohiyo. Ukilinganisha na mfereji mpya mrefu unaoishia porini bila kurudi popote, hauna haja ya kufikiria mara mbili.

Kufufua mfereji wa zamani nako si kazi nyepesi, tusidanganyane. Mfereji wa Huddersfield Narrow ulifungwa 1944 ukafunguliwa tena 2001, katikati hapo vipande vyake vilikuwa vimefukiwa na mji umejengwa juu, mahali pengine ilibidi wachimbe upya kabisa, na una loki 74 ndani ya kilomita 32 pamoja na handaki la Standedge lenye zaidi ya kilomita 5 ndani ya mlima. Lakini njia ilikuwa inajulikana na handaki lilikuwepo, kazi ngumu kuliko zote watu wa zamani walishaifanya. Kama kwenu kuna mfereji uliokufa na mwingine wa kuchora kwenye karatasi, mimi naanza na uliokufa.

Loki: mkongwe anayekunywa maji

Loki ni chumba cha mawe au zege chenye milango pande mbili, boti inaingia, milango inafungwa, maji yanaingizwa au yanatolewa mpaka yalingane na upande wa pili, unafungua unaondoka. Hakuna mashine ngumu, kwenye loki za zamani mtu mmoja na mpini wa kuzungushia anaendesha kila kitu, na ikiharibika fundi wa mbao na chuma anaitengeneza. Kwa matembezi ina raha yake pia, watu wanashuka, wanasukuma boriti za milango, watoto wanakimbia pembeni, wanaopita wanasimama kuangalia na stori zinaanza. Sehemu nyingi loki ndiyo kivutio chenyewe.

Tatizo ni maji. Chukua chumba cha mita 25 kwa 5 chenye tofauti ya kimo cha mita 3, hiyo ni mita za ujazo 375, yaani lita 375,000 zinazoshuka chini kila boti inapopitishwa. Sasa boti inayovuka kilima inapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, kwa hiyo inaiibia sehemu ya juu vyumba viwili, lita 750,000. Zikivuka boti 40 kwa siku kila moja kivyake umeshapoteza lita milioni 30, na hapo hujahesabu jua, hujahesabu kuvuja. Na boti zinajaa msimu wa kiangazi, wakati ambapo mito imenywea. Watu wanasahau hiyo kabisa wakiwa wanapanga bajeti wakati wa mvua.

Pierre-Paul Riquet alilielewa hili karne ya 17 wakati anajenga Canal du Midi kusini mwa Ufaransa, mfereji wa kilomita 240 uliofunguliwa 1681. Kabla hajafikiria boti alifikiria maji ya kilele, akajenga bwawa la Saint-Ferréol milimani na mitaro ya kuyaleta mpaka Naurouze, sehemu ya juu kabisa ya mfereji, yagawanyike kwenda pande zote mbili. Leo njia hiyo inaishi kwa boti za matembezi, na maji yanatoka kulekule.

Kama hamna bwawa juu, mnaweza kupunguza matumizi. Mabwawa ya akiba pembeni ya loki yanapokea sehemu ya maji badala ya kuyaacha yaende, halafu yanayarudisha kwenye zamu inayofuata, bwawa moja lenye eneo sawa na chumba linaokoa theluthi, mawili nusu, matatu asilimia 60, na loki nyingi za mfereji wa Main-Danube Ujerumani zimejengwa hivyo. Njia ya pili ni pampu ya kurudisha maji juu. Caen Hill, kwenye mfereji wa Kennet and Avon huko Uingereza, kuna loki 29 zinazopanda kama mita 72 ndani ya kilomita 3 na kidogo, 16 kati yake zimepangana mteremko mmoja mpaka hakukuwa na nafasi ya maji katikati, ikabidi wachimbe madimbwi makubwa yanayotokeza ubavuni kila baada ya loki. Mfereji ulifunguliwa tena 1990, na mwaka 1996 wakaweka pampu zenye uwezo wa kurudisha lita milioni 32 kwa siku kutoka chini hadi juu. Pampu ni umeme, na umeme ni bili kila mwezi hata kama msimu umekuwa mbaya, hiyo iandikeni kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Kitu kingine ni muda. Caen Hill inakula saa 5 hadi 6. Mtu wa likizo ndefu ataifurahia, mwenye Jumamosi na Jumapili tu hatakuja tena.

Lifti: haraka, maji kidogo, ila mayai yote kapu moja

Lifti ya boti inabeba beseni zima la maji pamoja na boti ndani yake, juu au chini. Ninayoipenda kuliko zote ni ya Peterborough, Kanada, kwenye njia ya Trent-Severn, imefanya kazi tangu 1904 na inanyanyua boti karibu mita 20. Ina mabeseni mawili yanayokaa kama mizani, kila moja juu ya bomba kubwa la maji, na mabomba hayo yameunganishwa. Beseni la juu linaongezewa sentimita 30 hivi za maji, linakuwa zito zaidi, linashuka, na lile la chini linapanda lenyewe. Kazi ya kunyanyua inafanywa na uzito wa maji tu. Na haijalishi boti ni kubwa au ndogo, au hata kama beseni moja halina boti, kwa sababu boti inayoelea inasukuma nje maji yenye uzito sawa na wake, kwa hiyo uzito wa beseni haubadiliki.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayoendesha Falkirk Wheel kule Scotland, iliyofunguliwa 2002. Mfereji wa Union na wa Forth and Clyde zamani viliunganishwa na loki 11 ambazo zilibomolewa 1933, tofauti ya kimo ni mita 35, gurudumu linachukua 24 na loki mbili zinamalizia zilizobaki. Kuzunguka nusu mzunguko kunachukua dakika chache na umeme wa kilowati-saa 1.5 hivi, ambao ni kidogo mno kwa kitu kinachobeba tani mamia. Ila mradi mzima wa kufufua mifereji hiyo miwili ulikula pauni milioni 84.5, na waliweza kuubeba kwa sababu gurudumu lenyewe limekuwa kivutio, watu wanakuja kuliangalia na kulipanda hata kama maisha yao yote hawataendesha boti. Kama lifti yenu itakuwa mahali ambapo hakuna mtu wa kuja kuangalia, msijilinganishe na Falkirk.

Hasara ya lifti ni kwamba ikisimama, njia yote imesimama. Loki 17 zikiharibika moja mnatengeneza moja, na fundi yupo karibu. Mteremko wa Saint-Louis-Arzviller huko Ufaransa, ambao ni beseni linalotembea kwenye reli kupanda mita 44.5, ulichukua nafasi ya loki 17 mwaka 1969 na ukageuza safari ya siku nzima kuwa ya dakika. Mwaka 2013 ajali ya boti moja ya watalii ikatosha kuufunga kwa miezi. Anderton ya Uingereza, ya tangu 1875, ilifungwa 1983 baada ya kutu kuonekana kwenye chuma chake na ikakaa hivyo mpaka 2002. Karibu miaka 20 muunganiko haupo.

Ukitaka kuona loki na mashine zikishindana kwenye kilima kimoja nenda Foxton, Uingereza. Kuna loki 10 za mwaka 1814, na mwaka 1900 pembeni yake wakajenga mteremko wa reli wenye mabeseni, boti ikawa inapita kwa dakika 12 badala ya saa moja na robo. Kila mtu angesema mashine imeshinda. Lakini ilikuwa inaendeshwa na mvuke, boila linatakiwa kuwa na moto muda wote hata kama boti hazipo, na boti hazikuwa nyingi kiasi hicho, kwa hiyo 1911 wakaiacha na 1928 ikauzwa kama chuma chakavu. Loki bado zinafanya kazi mpaka leo. Kabla ya kusaini lifti, hesabuni boti za siku mbaya kuliko zote, msihesabu za sikukuu.

Lifti naichagua pale kimo kinapokuwa zaidi ya mita 15 hivi kwa mpigo, maji ya juu ni haba kweli, na kuna taasisi yenye mkataba wa kuitunza kwa miongo. Chini ya hapo loki mbili tatu na pampu zinatosha.

Reli ya boti: chaguo linalosahaulika

Hapa boti inatoka kwenye maji kabisa, inapanda juu ya kigari cha reli, inavutwa kupita kilima, inashushwa upande wa pili. Mfereji wa Elbląg huko Poland umefanya hivi tangu 1860, una miteremko mitano inayoshusha karibu mita 100 kwa jumla, na vigari vinavutwa kwa kamba za chuma zinazoendeshwa na nguvu ya maji yenyewe. Abiria anakaa kwenye boti, boti inapita juu ya majani katikati ya malisho, na hajashuka. Kwa utalii ni kitu ambacho hakifananishwi na chochote.

Kwa maji, reli inashinda wote kwa sababu haimwagi chumba kizima kila safari. Ila inachagua boti. Lazima ikae vizuri kwenye kigari au kwenye mikanda bila kupasua tumbo lake, na zile nzito sana hazipiti. Tena ni kazi ya mtu aliyefundishwa, si kitu cha kumwachia mpita njia abonyeze kitufe.

Faida yake kubwa kuliko zote inaonekana Big Chute, kwenye njia ileile ya Trent-Severn. Reli ya kwanza pale ilijengwa 1917 kama ya muda, wakisubiri loki. Loki haikujengwa kamwe. Kulikuwa na mpango, lakini watu wa samaki wakaonya kuhusu lamprei, kiumbe kirefu kama mkunga kinachojibandika kwenye samaki na kufyonza damu, ambacho kilikuwa kimeharibu uvuvi wa Maziwa Makuu. Kikipata loki kinapanda na maji mpaka Ziwa Simcoe. Kikikutana na reli hakina pa kupita. Kwa hiyo mwaka 1978 wakafungua kigari kipya kikubwa badala ya loki, na boti zinavuka mita 18 hivi za kimo hewani, maji yanachuruzika, na lamprei anabaki chini.

Mimi hapa ndipo ningependa kila kamati itulie. Mabonde mawili ya mito yaliyotengana maelfu ya miaka yana samaki tofauti, konokono tofauti, magonjwa tofauti. Ukiweka maji yanayoendelea kati yake umefungua mlango ambao hutaweza kuufunga. Mfereji wa Main-Danube ulipokamilika 1992, viumbe wadogo wa upande wa Bahari Nyeusi walipita wakaenea kwenye mto Rhine. Mfereji wa Chicago wa mwaka 1900 uliunganisha Maziwa Makuu na bonde la Mississippi, na miaka mia moja baadaye wakawa wanaweka vizuizi vya umeme ndani ya maji kupambana na viumbe wanaovuka. Muunganiko wa kutembelea tu na boti wikiendi hauna sababu ya kubeba hatari hiyo kama mabonde ni mawili tofauti. Kama ni bonde moja, mto na ziwa lake, wasiwasi unapungua sana na loki inarudi mezani.

Kubeba nchi kavu

Hii ndiyo ya bei rahisi na ndiyo inayodharauliwa zaidi. Njia ya kutembea yenye changarawe, upana wa kupitisha watu wawili na mtumbwi begani, sehemu ya kushukia yenye ngazi za chini zisizoteleza, na labda roli za chuma pembeni ya loki kama zile za Teddington na Molesey kwenye mto Thames, ambapo boti za makasia zinavutwa juu ya vyuma vinavyozunguka bila kusubiri loki. Kwa boti za injini ndogo, njia panda mbili za zege za kushushia trela, moja kila upande, na barabara nzuri katikati.

Haipotezi maji, haihitaji mtu wa zamu, na ikiharibika inatengenezwa ndani ya wiki. Kwa watu wa kayaki, mitumbwi na boti za trela ni muunganiko kamili. Haiwafai wenye boti kubwa za kulala, na watu wenye ulemavu au wazee wanaweza kushindwa kama gati halikupangwa kwa ajili yao, kwa hiyo wekeni gati la chini lenye vyuma vya kushikilia na benchi la kuhamia, linafaa hata kwa mtu mzima aliyechoka.

Msidhani nchi kavu inazuia kila kiumbe. Kome wa zebra wachanga wanasafiri kwenye maji yaliyotuama sakafuni ndani ya boti, wakubwa wanang'ang'ania kwenye chuma. Wekeni sehemu ya kuoshea pale pale, bomba lenye presha, na kibao kinachosema safisha, mwaga maji yote, kausha.

Nikiambiwa nichague kwa eneo lenye mito mizuri, pesa kidogo na boti nyingi ndogo, naanza hapa, halafu nahesabu waliopita kwa misimu kadhaa. Hizo namba ndizo zitakazosema kama mnahitaji kitu kikubwa.

Madaraja

Muunganiko unaweza kuwa mzuri kabisa ukauliwa na barabara. Mifereji mingi iliyokufa ilikatwa na kalavati, bomba la zege chini ya lami ambalo hata bata anainama.

Daraja la kufunguka ni zuri kwa boti na linakera madereva. Kule Uholanzi kuna njia inayoitwa Staande Mastroute, inavuka nchi kutoka Delfzijl kaskazini hadi Vlissingen kusini-magharibi, na boti za tanga zinapita na milingoti imesimama kwa sababu madaraja yanafunguliwa kwa ratiba, Amsterdam yanafunguliwa usiku na boti zinapita kwa msafara. Inawezekana pale kwa sababu ratiba inaheshimiwa. Bila nidhamu hiyo daraja la kufunguka linakuwa daraja lililofungwa.

Kuinua daraja kunahitaji njia ndefu za kupandia pande zote mbili, mjini nafasi hiyo haipo. Kupitisha barabara chini ya maji kunamaliza ugomvi wote, Veluwemeer huko Uholanzi tangu 2002 magari yanapita chini na boti ndogo juu, kina cha maji mita 3, hakuna anayemsubiri mwenzake, ila gharama ni ya barabara kuu na inaeleweka tu kama magari ni maelfu kila siku. Na ipo njia ya nne ambayo wengi hawajaisikia. Dalmuir, kwenye Forth and Clyde, barabara haikuweza kuinuliwa, basi wakashusha maji badala yake. Boti inaingia kwenye loki, inashushwa, inapita chini ya barabara ikiwa chini, inanyanyuliwa tena upande wa pili. Inachukua muda na inataka pampu, lakini ilifungua njia pasipo kugusa barabara. Kwa njia ya boti za polepole naiona ni suluhisho la akili sana.

Kina na kingo

Kuongeza kina kuna namna mbili, kuchimba chini au kuinua maji kwa kizuizi cha kuvuka mto. Kizuizi kinatoa kina cha uhakika mwaka mzima, lakini kinakata safari ya samaki na kina hatari kwa mtu wa kayaki, maji yanayoanguka yanajizungusha chini yake na yanaweza kumshikilia mtu asitoke. Ukijenga lazima uweke ngazi ya samaki na njia ya kupitia mitumbwi, usizikate bajeti ikibana. Kuchimba kunaacha mto uwe mto, ila tope linarudi, kwa hiyo ni matumizi ya kila miaka kadhaa, na tope la karibu na viwanda vya zamani linaweza kuwa na sumu ambayo haimwagwi shambani. Pimeni tope kabla ya kutangaza tenda, maana kulitupa kunaweza kuzidi gharama ya kulichimba. Mimi nachimba mkondo wa katikati tu, pembeni naacha kina kidogo na matete.

Na kingo. Vyuma vilivyopigwa wima vinadumu na vinafaa penye gati na penye boti nyingi, lakini ni ukuta, ndege hana pa kutaga, mnyama akianguka hana pa kutokea, na mawimbi yanagonga yanarudi. Kwingine kote natumia mabunda ya makumbi ya nazi, yale marefu kama magodoro yaliyokunjwa, yanafungwa kwenye vigingi usawa wa maji, yanapandikizwa matete, na mizizi inashika udongo huku makumbi yakioza taratibu. Ukirudi baada ya misimu michache huoni bunda, unaona ukingo wa kijani. Sharti lake ni mwendo wa boti uwe mdogo. Mifereji ya Uingereza kikomo ni maili 4 kwa saa, kama kilomita 6.4, na hiyo ni kulinda kingo. Kama njia yenu itakuwa ya boti za kasi, matete hayatashika, tengeni ziwa kwa kasi na mfereji kwa utulivu.

Nani ataifungua kila asubuhi?

Muunganiko wa Shannon-Erne, Ireland, ni mfano ninaoutumia kila nikiulizwa. Mfereji wa kwanza pale ulifunguliwa 1860 kwa ajili ya mizigo, ukaachwa ndani ya miaka kumi, boti hazikuja. Mwaka 1994 ukafunguliwa upya kwa matembezi tu, kilomita 63, loki 16, na loki hizo zinaendeshwa kwa umeme na mwenye boti mwenyewe, anachomeka kadi kwenye kisanduku pembeni ya lango, anabonyeza, milango inajiendesha. Hakuna mlinzi wa kulala pale, na mtu aliyejifunza boti jana anaweza kupita leo.

Linganisha na namna nyingine mbili. Wafanyakazi wa zamu wanawasaidia wageni na wanaona uharibifu mapema, lakini wakitoka saa kumi na moja jioni boti zinalala foleni. Kuendesha kwa mkono ni rahisi kutunza na hakuhitaji umeme, lakini mtu akisahau kufunga vali usiku mmoja, asubuhi sehemu nzima ya mfereji imekauka na boti zimelala ubavu. Kadi inazuia hilo, kwa sababu mashine haikubali kuanza hatua nyingine kabla ya ile ya kwanza kufungwa. Kwa njia yenye wageni wengi wa kukodi nachagua kadi pamoja na mafundi wawili wanaozunguka na gari, na namba ya simu iliyoandikwa kubwa kwenye kila loki, inayopokelewa hata Jumapili.